Namna ya Kupima Ubora na Udhaifu wa Filamu ya Wizi wa Kupangwa

Anayetaka kuihakiki filamu ya wizi wa kupangwa hana budi kuanza na swali ambalo watazamaji wengi huliruka: kabla wezi hawajagusa mlango, mtazamaji ameshajulishwa nini? Msisimko wa filamu za aina hii hautokani hasa na milio ya bunduki wala magari yanayofukuzana, bali hutokana na mtazamaji kuyafahamu mapema masharti ya kazi, yaani muda waliojipangia wezi, kifaa kinachoweza kuwaumbua na kosa wasilotakiwa kulifanya, hata likitokea jambo dogo yeye mwenyewe ashtuke pasipo kuelezwa na mtu.

Kielelezo kizuri cha kujifunzia ni Rififi, filamu ya mwaka 1955 iliyoongozwa na Jules Dassin, Mmarekani aliyehamia Ulaya baada ya kunyimwa kazi Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti. Aliipiga mjini Paris kwa bajeti ndogo, na mwaka huohuo akawa miongoni mwa waliotuzwa kwa uongozaji bora katika tamasha la Cannes. Itazame mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili keti na daftari na saa, uandike dakika ambayo kila sharti linatajwa, dakika linapotumika, na dakika linapovunjwa.

Utaona kwamba wezi wanne wa filamu hiyo wanatafuta king'ora cha aina ileile iliyofungwa katika duka la vito wanalolilenga, wanakijaribu faraghani, wanagundua kuwa mtikisiko mdogo tu unatosha kukifanya kipige kelele, kisha wanagundua kwamba povu la mtungi wa kuzimia moto linaweza kukinyamazisha. Maelezo yanaishia hapo. Wizi unapoanza, karibu nusu saa nzima inapita bila neno kusemwa na bila muziki, ingawa mtunzi Georges Auric alikuwa ameuandaa muziki wa sehemu hiyo. Wanatoboa sakafu ya nyumba iliyo juu ya duka, wanapenyeza mwavuli uliofungwa kwenye tundu na kuufungulia upande wa chini, ili vipande vya dari vidondokee ndani yake badala ya kuanguka dukani. Kuna mahali ambapo kinanda kinaguswa kwa bahati mbaya, sauti moja inalia, na wote wanaganda. Hiyo ndiyo nguvu ya filamu, na mhakiki anapaswa kuieleza kwa ushahidi wa namna hiyo, si kwa kusema tu kwamba inasisimua. (Ukipata nakala iliyosimuliwa kwa Kiswahili na DJ, iweke kando kwa kazi hii, kwa sababu ukimya wenyewe ndio unaohakikiwa.)

Hatua inayofuata ni kuchunguza mambo yanavyoharibika, maana katika filamu nyingi za wizi yanaharibika. Jiulize kama balaa limetokana na tabia ya mhusika tuliyemjua tangu mwanzo, au limeletwa na mwandishi aliyehitaji namna ya kumaliza hadithi. Katika Rififi, César, fundi wa kufungua makasha kutoka Milan, ambaye anaigizwa na Dassin mwenyewe, anachukua pete moja na kumpa mwimbaji wa klabu. Udhaifu wake kwa wanawake tumeshaonyeshwa zamani, hivyo pete hiyo inapolifikisha genge hasimu kwa wezi hatuoni kwamba tumeonewa. Filamu inayowaleta polisi mlangoni kwa bahati tupu haistahili sifa hiyo. Vivyo hivyo, filamu inayoficha sehemu ya mpango ili itushangaze mwishoni ina haki ya kufanya hivyo, mradi ukiirudia ukute dalili zilikuwepo. Ukikuta hazikuwepo, andika wazi kwamba umelaghaiwa.

Usihesabu kuwa ni dosari kila jambo ambalo lisingewezekana mtaani. Filamu huvunjika inapokiuka sharti ililojiwekea yenyewe. Tena kipimo hubadilika kulingana na kusudi: Heat ya Michael Mann, ya mwaka 1995, ina karibu saa tatu na inamgawia mpelelezi uzito uleule inaompa mwizi, kwa hiyo kuilaumu kwamba wizi wa benki umechukua sehemu ndogo ni kuilaumu kwa jambo ambalo haikukusudia.

Kwenye udhaifu, kuwa mkali bila kuchanganya ufundi na ladha yako. Mimi naona genge hasimu katika Rififi limechorwa kijuujuu, na baada ya mtoto wa mmoja wa wezi kutekwa, filamu inageuka kuwa ya kulipizana kisasi, ambayo haina umakini ule wa sehemu ya kwanza. Zito zaidi ni namna Tony, kiongozi wa wezi aliyetoka gerezani, anavyomchapa kwa mkanda mwanamke aliyekuwa wake, huku filamu ikibaki upande wa Tony na kumwacha mwanamke huyo na maneno machache. Wengine huitetea kwa kisingizio cha zama zake. Utetezi huo unaeleza chanzo cha kasoro tu, wala hauiondoi.

Unapoandika, anza na tukio moja ulilolitazama kwa karibu, ndipo ujenge hukumu yako juu yake, na kila sifa au kasoro iambatane na mahali msomaji anapoweza kuikagua. Mwisho wa hadithi usiufichue kwa filamu mpya. Kwa iliyozeeka kama hii, tahadharisha katika sentensi ya kwanza kisha zungumza kwa uhuru, kwa kuwa hukumu kuhusu pete ya César haiwezi kutolewa pasipo kusema ilimfikisha wapi.