Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Klabu, Ziara na Mashindano ya Sayansi Sekondari

Shule nyingi huanzia mwisho. Tangazo la mashindano ya sayansi linabandikwa, mwalimu anawaita wanafunzi wawili watatu wenye alama nzuri, mradi unasakwa haraka haraka, na baada ya wiki chache bango limechapwa na mtoto amekaririshwa maelezo. Ziara nayo inapangwa peke yake mwishoni mwa muhula, kama zawadi ya kumaliza mitihani. Klabu ya sayansi imo kwenye orodha, lakini ukiuliza inakutana siku gani hakuna anayejua. Mimi naamini mpangilio wenye tija ni wa kinyume: klabu iwepo kwanza na ifanye kazi, ziara izaliwe na maswali ya klabu, na mashindano yapelekewe kile ambacho wanafunzi tayari wanakihangaikia.

Kwa klabu, kabla hata ya kuchagua mwenyekiti na katibu, amueni siku ya kukutana, chumba, na nani anashika ufunguo wa maabara. Ufunguo ndio unaoua klabu nyingi. Wanafunzi wamekuja, mtunza maabara ameondoka, wanasimama mlangoni nusu saa kisha wanatawanyika. Hilo likijirudia mara mbili tatu, hawaji tena. Makubaliano na mkuu wa shule yaandikwe, yataje mtu wa kufungua na mtu wa akiba asipokuwepo.

Wanachama wasichujwe kwa alama za darasani. Mwanafunzi anayefungua redio mbovu ili aone kilichomo ndani ana nafasi yake klabuni hata kama mtihani wa fizikia humshinda, na huenda yeye ndiye atakayewasaidia wenzake saketi ikigoma. Tena, katika vikundi vya wasichana na wavulana pamoja, tazama nani ameshika kifaa na nani ameshika kalamu. Mambo yakiachwa yaende yenyewe, mara nyingi wavulana hupima na wasichana huandika. Zamu za majukumu zipangwe tangu mkutano wa kwanza, ili kila mmoja apime, aandike, akokotoe na aeleze.

Kila mwanachama awe na daftari lake lililoshonwa, si karatasi za kubandua, na kurasa zipewe namba kabla ya kuandikwa chochote. Anaandika kwa kalamu ya wino, anaweka tarehe, na akikosea anakata mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado. Hili naling'ang'ania kwa sababu majaji wa mashindano huomba daftari, na daftari lililonakiliwa upya usiku mmoja kabla hujulikana kwa kulitazama tu: mwandiko ni ule ule, wino ni ule ule, hakuna hata kosa moja.

Usalama wa maabara una vitabu vyake, lakini mambo machache hayawezi kusubiri. Miwani ya kinga ivaliwe na wote waliomo chumbani, hata wanaotazama tu. Tindikali kali humiminwa kidogo kidogo ndani ya maji; ukifanya kinyume, joto linalotoka huweza kuchemsha maji papo hapo na kurusha tindikali usoni. Bomba la maji lifunguliwe na kuhakikishwa kuwa linatoa maji kabla chupa yoyote haijafunguliwa, maana jicho lililoingiwa na kemikali linahitaji kuoshwa kwa maji yanayotiririka mfululizo kwa dakika 15 au zaidi huku msaada wa daktari ukitafutwa. Kama maji yamekatika, kazi ya kemikali iahirishwe siku hiyo.

Swali la utafiti ndilo linalotaka muda mrefu kuliko yote. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari katika iliyokuwa Tanganyika, aliweka mchanganyiko wa maziwa ukiwa bado moto kwenye friza ili atengeneze aiskrimu, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa haujachemshwa. Baadaye mwanafizikia Denis Osborne alipotembelea shule aliyokuwa akisoma, Mpemba alimuuliza kwa nini maji ya moto yanaweza kuwahi kuganda kuliko ya baridi. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Mjadala haujaisha. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walionyesha kwamba tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kilipowekwa, sentimita moja hivi juu au chini, inatosha kufanya tokeo hilo lionekane lipo.

Katika kisa hicho klabu ina masomo mawili ya maandalizi. La kwanza ni kwamba mwalimu aandae namna ya kupokea swali asilolijua, na ubao wa maswali yasiyo na majibu ukutani unatosha kuanzia. La pili ni kwamba kabla ya jaribio lolote, wanafunzi waandike kila kitu kitakachobaki vile vile: ujazo wa maji, aina ya chombo, rafu ya friza, na kipimajoto kimeshikiliwa kwa nini na katika kina gani. Waandike pia nadharia tete yao, yaani jibu wanalolitarajia, na idadi ya marudio kabla ya kuanza, si baada ya kuona namba. Marudio matatu ni machache. Matano yanaanza kuonyesha kama tofauti ni ya kweli au ni bahati.

Sasa ziara. Mwalimu aende mwenyewe kwanza bila wanafunzi. Apime muda wa njia, aone vyoo, aone kivuli, aulize mtandao wa simu unashika wapi, na aonane na mtu atakayewapokea. Kama ni kiwanda au kituo cha utafiti, aombe kundi lizungumze na fundi au mtafiti anayeshughulika na mitambo kila siku, badala ya afisa wa mapokezi peke yake, na awapelekee maswali ya wanafunzi mapema ili wajiandae.

Tarehe ichaguliwe na kile mnachokwenda kukitazama, kalenda ya shule ifuate. Chukua ziara ya ufukweni kutazama viumbe wa miambani. Bahari katika sehemu nyingi za dunia hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo wakati wa maji kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku. Shule iliyochagua Jumamosi yoyote tu inaweza kufika na kukuta maji yamefunika kila kitu. Tafuta siku za bamvua, zinazofika karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati maji hupwa mbali kuliko kawaida. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, sehemu kubwa ya miamba ya chini hubaki imefunikwa. Soma jedwali la maji la eneo lenyewe, kisha panga kufika dakika 90 kabla ya maji kufikia kina cha chini kabisa. Kundi linateremka likiyafuata maji yanapotoka, na yakigeuka tu, kila mtu anaanza kurudi.

Kazi yenyewe iwe tayari. Kamba yenye alama kila baada ya mita 5 inatandazwa kutoka juu ya ufuko hadi ukingo wa maji, na kwenye kila alama inalazwa fremu ya mraba yenye upande wa nusu mita. Wanafunzi wanahesabu konokono, kaa na aina za mwani zilizomo ndani ya fremu na kujaza jedwali walilolichora shuleni. Kabla ya kuondoka shuleni kila kikundi kiwe kimeshatabiri: ni kiumbe gani atakuwa mwingi juu, mahali panapokauka muda mrefu, na kwa nini? Jiwe lililopinduliwa lirudishwe kama lilivyokuwa, maana walio chini yake wanaishi kwa kivuli na unyevu ule. Anayebeba ndoo ya kukusanyia viumbe ili awapeleke shuleni abaki na ndoo tupu, picha zinatosha.

Kwa ziara ya kutazama nyota mambo ni mengine: chagua usiku wa kiza, mwezi usipokuwepo angani. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu moja huwarudisha wote mwanzo. Tochi zifunikwe kwa karatasi nyekundu ya kupitisha mwanga. Na jua lisitazamwe kwa darubini isiyo na kichujio maalumu mbele ya lenzi, hata kwa sekunde moja. Jicho linaweza kuungua bila maumivu yoyote.

Barua ya ruhusa kwa wazazi ieleze wanafunzi watafanya nini hasa. Kuandika "ziara ya masomo" wakati watoto wataingia majini hadi magotini ni kumnyima mzazi nafasi ya kusema kwamba mwanawe hajui kuogelea. Barua hiyo iulize kuhusu pumu, kifafa, mzio wa nyuki au dawa, na dawa za kila siku, na majibu yakae kwa mwalimu aliyeko safarini, si kwenye faili ofisini. Wanafunzi wahesabiwe kwa majina kila wanapopanda na kushuka garini. Idadi peke yake hudanganya, kwani mgeni mmoja akipanda na mwanafunzi mmoja akabaki, hesabu inatimia. Mvua ikitishia, kumbuka kwamba sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi: kati ya umeme na ngurumo zikipita sekunde 30 au pungufu, wote waingie ndani ya jengo au gari lililofungwa, na wakae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mashindano ni ya namna mbili kubwa, na maandalizi yake hayafanani. Zipo olimpiadi, ambazo ni mitihani. Kati ya zile za kimataifa, ya hisabati ilianza Rumania mwaka 1959, ya fizikia Warsaw mwaka 1967, ya kemia Prague mwaka 1968 na ya baiolojia Olomouc mwaka 1990. Katika ile ya kimataifa ya hisabati mwanafunzi hupewa maswali matatu kwa siku, kwa siku mbili, na saa nne na nusu kila siku. Aliyezoea mtihani wa shule, wa maswali mengi na dakika chache, anahitaji kuzoezwa kukaa na swali moja kwa saa nzima bila kukata tamaa. Zoezi hilo huanza miezi mingi kabla.

Namna ya pili ni maonyesho ya miradi, kama yale makubwa ya ISEF, maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi, yaliyoanza Philadelphia mwaka 1950. Hapa kanuni zisomwe kabla ya swali kuchaguliwa. Utafiti unaohusu watu, wanyama wenye uti wa mgongo au vijidudu vinavyoweza kudhuru hupitiwa na kuidhinishwa na kamati kabla data ya kwanza haijakusanywa. Mwanafunzi aliyegawa dodoso kwa wenzake kisha akatafuta kibali ameshachelewa, hata kazi iwe nzuri namna gani. Kuotesha bakteria nyumbani hakuruhusiwi, na kwenye meza ya maonyesho haviruhusiwi vimiminika, udongo wala mimea hai. Kwa hiyo kazi ipigwe picha tangu siku ya kwanza. Sampuli mliyoitegemea itabaki nje ya ukumbi. Kwa shule yenye maabara duni, shindano la shule za sekondari la CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ya chembe, lililoanza mwaka 2014, linafaa kufikiriwa: timu hutuma pendekezo la maandishi la jaribio la kutumia mwale wa chembe ndogo kuliko atomu, na washindi hualikwa kulifanya kweli.

Msaada wa mtu mzima uwekewe mpaka na uandikwe daftarini: nani alichomelea, nani aliandika programu, nani alipendekeza njia. Hakuna aibu kusaidiwa. Tatizo huja mtoto anapoulizwa juu ya waya asioujua. Matokeo yaliyokwenda kinyume na nadharia tete yabaki kwenye bango kama yalivyo.

Katika wiki mbili za mwisho, mwanafunzi aeleze mradi kwa mtu asiyesoma sayansi, halafu kwa mwalimu wa somo jingine, na kila mmoja amkatize katikati. Azoee maswali haya: kwa nini ulipima hiki na si kile, unajuaje kwamba si bahati, ni sehemu gani hukuifanya wewe. Waandaaji waulizwe ukubwa wa meza na aina ya soketi. Nakala ya bango ichapwe kwa vipande vidogo iwekwe kwenye mkoba mwingine, pamoja na betri na nyaya za akiba. Na kabla gari halijaondoka shuleni, tarehe ya mkutano wa klabu wa wiki ya kurudi iwe imeshabandikwa, ikiwa na jina la mwanafunzi wa kidato cha chini atakayerithi daftari la mradi.