Namna ya Kuitunza Burboni ya Baa Wakati Asili Yake Inapobadilika

Burboni ni whiski ya Marekani ya mahindi, na burboni ya baa ni ile ambayo mhudumu huimimina mteja anaposema "burboni" bila kutaja jina. Baa nyingi za hapa Moshi hazinayo, kwa sababu wateja wetu wengi ni wa bia na konyagi, lakini baa iliyo jirani na hoteli za wapanda mlima, au yenye wazee waliowahi kusoma ng'ambo, hufikia siku ikailazimu kuwa nayo. Kuichagua ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe huanza baadaye, pale kilichomo ndani ya chupa kinapobadilika huku jina na picha ya lebo vikibaki vilevile.

Nililijua hilo kwa aibu. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alikuwa akija kila Ijumaa saa moja jioni na kuagiza toti moja pamoja na glasi ya maji. Ijumaa moja aliinusa, akaonja, akairudisha glasi juu ya kaunta taratibu, akasema, "Kijana, hii siyo ile." Nikamwonyesha chupa na kumwambia, "Mzee wangu, ni ileile, tazama jina." Hakubishana nami, alilipa, akaondoka, na toti ikabaki pale. Baada ya kufunga nilichukua chupa tupu ya mzigo uliopita kutoka kwenye kreti, nikaziweka zote mbili chini ya taa. Majina yalikuwa sawa na rangi zilikuwa sawa, ila kwa nyuma, katika maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma, ya zamani ilisema "Distilled by" (imepikwa na) na ile mpya ilisema "Bottled by" (imejazwa chupani na), na chini yake ulitajwa mji wa jimbo jingine kabisa. Muuzaji wa jumla aliyetuletea hakujua, au alijua akanyamaza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujifunza kuisoma lebo, nayo husomeka vizuri zaidi kwa anayejua sheria ya Marekani inadai nini. Burboni lazima ipikwe Marekani, kutokana na mchanganyiko wa nafaka ambao angalau asilimia 51 ni mahindi. Ikikenekwa isizidi asilimia 80 ya alkoholi, iingizwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani ikiwa haizidi asilimia 62.5, na ijazwe chupani ikiwa haipungui asilimia 40. Mwenye kuyatazama masharti hayo kwa makini ataona kwamba yanabana mengi lakini yanaacha nafasi kubwa katika ile asilimia 49 iliyobaki. Wapo wanaoijaza kwa ngano pamoja na kimea cha shayiri, kama Maker's Mark, na kinywaji kikawa laini, chenye utamu wa mkate. Wengine huijaza kwa rai, nafaka inayofanana na ngano, na kikawa na ukali kama wa pilipili manga. Chupa zote mbili ni burboni halali, na mteja aliyeizoea moja akipewa nyingine atahisi ametapeliwa. Mnywaji mzoefu wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hahitaji kuelezwa jambo hili, maana hata ndizi zikitoka mgomba uleule, ulezi ukibadilishwa au msesewe, gome la kuitia uchungu, ukizidi kidogo, kata ya kwanza tu humwambia.

Kwenye lebo, tafuta kwanza kitenzi. "Distilled by" humtaja aliyeipika mwenyewe, ilhali "Bottled by" humtaja aliyeijaza chupani, na "Produced by" (imetengenezwa na), ambayo huwadanganya wengi, haithibitishi kwamba anayetajwa ana mtambo wake. Kisha tazama jimbo, kwa kuwa sheria inadai jimbo ilikopikwa whiski litajwe iwapo ni tofauti na lile lililo katika anwani. Neno "straight" maana yake ni kwamba imekaa pipani angalau miaka 2, na ikiwa haijatimiza miaka 4 umri wake lazima uandikwe; umri unapoandikwa, ni ule wa whiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Tahadhari moja kuhusu miji: zipo Lawrenceburg mbili, moja ya Kentucky na nyingine ya Indiana, na zote mbili hupika whiski kwa wingi. Nimewahi kubishana nusu saa na mwenzangu wa baa ya jirani kabla hatujagundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa akizungumzia mji wake.

Lebo inayosema ukweli kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile yenye maneno "Bottled-in-Bond", yanayotokana na sheria ya mwaka 1897. Whiski hiyo lazima itoke kiwanda kimoja, msimu mmoja, ikae miaka isiyopungua 4, iwe na asilimia 50 ya alkoholi, na lebo itaje namba ya kiwanda kilichoipika. Namba hiyo ndiyo chapa ya ng'ombe. Tarehe 7 Novemba 1996 kiwanda cha Heaven Hill cha Bardstown, Kentucky, kiliteketea kwa moto pamoja na mapipa yapatayo 90,000. Majina yake, kama Evan Williams na Elijah Craig, hayakutoweka madukani. Viwanda vingine vilisaidia kuipikia kampuni hiyo, hadi mwaka 1999 ilipokinunua kiwanda cha Bernheim kilichoko Louisville. Aliyesoma jina tu hakuona badiliko lolote, lakini katika chupa zake za "Bottled-in-Bond" namba ya aliyepika ilitoka DSP-KY-31 ikawa DSP-KY-1.

Si lazima moto utokee. Majina mengi hayana mtambo kabisa, na wenyewe hununua mapipa yaliyokwisha kukaa, hasa kutoka kiwanda kikubwa cha Lawrenceburg ya Indiana, ambacho zamani kilikuwa cha kampuni ya Seagram na ambacho kampuni ya MGP ilikinunua mwaka 2011. Kiwanda hicho peke yake kina burboni ya rai asilimia 21 na nyingine ya asilimia 36, hivyo hata kutaja Indiana hakumalizi swali. Kampuni ya Willett iliacha kupika mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ikarudi mwaka 2012, na katika muda huo wote iliendelea kujaza chupa kwa whiski ya wengine. Burboni ya Bulleit ilipikwa na kiwanda cha Four Roses kwa miaka mingi kabla ya kiwanda chake cha Shelbyville kufunguliwa mwaka 2017. Silisemi hili kwa kulaumu, kwani kununua mapipa mazuri na kuyachanganya vizuri ni ufundi; ninalosema ni kwamba asili ya burboni hubadilika kwa sababu za biashara, na anayeimimina Moshi ndiye wa mwisho kupewa habari.

Kwa kuwa hutaambiwa, jiwekee kumbukumbu mwenyewe. Mzigo wowote unapofika, kabla chupa haijafunguliwa, piga picha ya mbele na ya nyuma kwa simu, kisha uandike katika daftari tarehe, kitenzi cha lebo, jimbo, umri, asilimia na ujazo. Ujazo usiupuuze: chupa ya mililita 750 hutoa toti 25 za mililita 30, na ya 700 hutoa 23 tu, hivyo bei ileile ya kreti inaweza kuwa imepanda bila wewe kujua. Kagua stempu ya kodi kwa programu ya simu ya TRA iitwayo Hakiki Stempu, ukikumbuka kwamba stempu hukuhakikishia habari za kodi tu na haikwambii kinywaji kilipikwa wapi.

Halafu weka sampuli. Chukua chupa ndogo ya kioo ya mililita 200, iliyooshwa ikakauka kabisa, uijaze hadi shingoni ili hewa isibaki nafasi, uifunge kwa nguvu, uiandike tarehe na kuifungia katika kabati la stoo mbali na jua. Meneja wangu wa kwanza aliniuliza kwa nini natoa toti zaidi ya sita na kuzifungia kabatini bila kuziuza. Siku mzigo mwingine ulipofika hakuuliza tena. Sampuli ndiyo inayokuwezesha kulinganisha, kwa sababu ulimi husahau upesi, na nusu chupa iliyokaa kwenye rafu miezi mitatu huenda imekwisha kupoteza sehemu ya harufu na haifai kuwa kipimo.

Kuonja kwenyewe kufanywe mchana, kabla jiko halijaanza kuchoma nyama, maana moshi wa mbuzi huishinda burboni yoyote. Andaa glasi tatu zinazofanana kwa kila mwonjaji, mbili zenye mzigo mmoja na ya tatu wenye mwingine, zikiwa na namba chini yake, na anayemimina asiwe miongoni mwa wanaoonja. Muulize kila mmoja ipi ni ngeni, wala usimuulize ipi ni nzuri. Anayebahatisha atapatia mara moja katika tatu, kwa hiyo mwonjaji mmoja hatoshi; wakiwa watano na wanne kati yao wakaitambua, uwezekano wa kuwa ni bahati tupu ni chini ya 5 kwa 100. Nguvu zikitofautiana zisawazishe kwanza, la sivyo mtakuwa mnaonja alkoholi: mililita 30 za asilimia 45 zikiongezwa maji pungufu kidogo ya mililita 4 hushuka hadi 40. Hakikisha kuna maji ya kunywa kati ya glasi, na usiwaalike wahudumu waliovuta sigara muda huohuo.

Wasipoitambua, endelea kuuza. Wakiitambua, una njia mbili, yaani kutafuta jina jingine linalokaribia ladha ya zamani au kuibakisha hiyo mpya na kusema wazi. Mimi huchagua ya pili isipokuwa ladha imegeuka kabisa, kwa sababu katika mji wa ukubwa wa Moshi kupata kreti sita za jina lilelile mwaka mzima ni kazi, na kuhamahama majina humchosha mteja. Chochote utakachochagua, usimimine mzigo mpya ndani ya chupa ya zamani. Hata ukiwa na nia njema ya kumaliza mabaki, mteja akiona unajaza chupa nyuma ya kaunta, hatakuamini tena hata kwa soda. Mimina mbele yake, kutoka chupa ileile ambayo burboni ilikuja ndani yake.

Kwenye menyu yetu sasa tunaandika mstari mmoja chini ya neno Burboni ya Baa, wenye jimbo, asilimia na mwezi mzigo ulipofika, na wahudumu wameagizwa kuusema kwa mdomo katika wiki mbili za kwanza: "Shikamoo mzee, burboni tuliyonayo sasa ni ya Indiana, ina rai zaidi, nikuonjeshe kidogo kabla?" Kuonjesha huko hakuzidi mililita 10, na tunakuandika katika daftari la stoo kama upotevu halali.

Mzee wa reli nilimwomba radhi Ijumaa iliyofuata, nikamwekea chupa mbili za mwisho za mzigo wa zamani zenye jina lake kwenye kizibo. Zilimtosha karibu mwaka mzima. Hivi sasa anakunywa hiyo mpya, anaongeza maji kidogo kuliko zamani, na anapoagiza bado husema, "Nipe ile nyingine."