Unataka kusomea unesi na umri umeenda? Hakikisha haya kwanza

Kila wiki lazima mtu anisimamishe sokoni Mwanga hapa Kigoma au anipigie, dada nataka kusomea unesi, nina miaka 35, si nimechelewa? Hujachelewa. Mimi nilianza na miaka 34 na watoto watatu, nimemaliza na leseni ninayo. Ila kuna vitu ukivikosea mwanzoni utalia, kwahiyo chukua daftari uandike.

Majina. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four na NIDA visome sawa herufi kwa herufi. Kama NIDA ulijiandikisha kwa jina la mume, muone wakili sasa hivi, usisubiri mpaka barua ya chuo itoke.

Chanjo ya homa ya ini. Unapima kwanza, halafu ni sindano 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 toka ile ya kwanza. Hesabu hiyo miezi ujue kwanini nakwambia anza leo, maana wodini kuna damu na sindano hazichagui mwanafunzi.

Saa ya mkononi, yenye mshale wa sekunde. Viatu vyeusi vya kufunika. Kiingereza anza kusoma kidogokidogo maana masomo yote ni kwa Kiingereza.

Sasa matokeo yako, na hapa tulia.

Diploma ya uuguzi na ukunga inataka pasi nne za form four, dini hazihesabiwi, na ndani ya hizo nne lazima ziwepo Kemia, Bailojia na Fizikia. D inatosha lakini IWEPO. Hesabu na Kiingereza vinakuongezea nguvu tu, haviwezi kuziba pengo la Fizikia. Mimi nilimaliza 2005, Fizikia niliiacha form three kwasababu mwalimu hatukuwa naye, nikabaki na Bailojia C na Kemia D na mengine ya sanaa.

2019 nikauza mawese msimu mzima nikapata ada ya kuanzia. Kuna mtu wa chuo kimoja cha binafsi, mkoa mwingine, akaniambia mama wewe njoo tu, hiyo Fizikia tutaiweka sawa mbele kwa mbele. Nikamwamini. Nikashona sare, watoto nikawaacha kwa mama, nikakaa darasani miezi miwili naandika kama wenzangu. Asubuhi moja ikabandikwa orodha ya waliohakikiwa na NACTE, baraza la serikali linalosimamia vyuo hivi, siku hizi linaitwa NACTVET, nikapitisha kidole toka juu mpaka chini mara tatu, jina langu halipo. Kama hujahakikiwa hutambuliki, mitihani hufanyi, basi. Ofisini wakasema pesa hairudi kwasababu nimeshakula na kulala. Nikarudi Kigoma na treni, sare mbili nyeupe ziko kwenye begi bado mpya kabisa, na Ujiji nzima wanajua nimeenda kusoma.

Nikajiandikisha kurisiti, Fizikia na Hesabu. Mwalimu wangu alikuwa mwanangu wa form two. Usiku anafunga jiwe kwenye uzi, analining'iniza kwenye fremu ya mlango, mimi nimeshika simu nahesabu sekunde jiwe likienda na kurudi mara 20, tunafupisha uzi tunarudia, ndio nikaona kwa macho yangu kwamba uzi ukiwa mfupi jiwe linawahi kurudi. Mtihani wa 2020 nikapata D ya Fizikia, na D hiyo ndio iliyoniingiza chuo 2021, chuo kingine, kwa njia halali.

Kwahiyo kabla hujamlipa mtu yeyote hata shilingi, fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET kwenye tovuti yao, soma sifa mwenyewe na uone hicho chuo kimo na kozi hiyo imo. Ukichaguliwa, thibitisha jina lako limehakikiwa ndio ukanunue kitambaa cha sare. Na anayekwambia "njoo tu" muulize, namba ya usajili ya NACTVET nitaipata vipi? Akianza kuzunguka, kata simu.

Watoto: wodini kuna zamu ya usiku, kwahiyo anayebaki nao awe mtu mwenye jina, sio "nyumbani watu wapo". Kama unakaa Ujiji na chuo kiko Kasulu, au uko Tabora mjini na chuo kiko Nkinga, usijidanganye kwamba utakuwa unaenda na kurudi.

Pesa ipangie miaka 3, sio mwaka 1. Wengi huishia ngazi ya tano, yaani mwaka wa pili, sio kwasababu ya akili ndogo, ni nauli za fildi na chakula. Na ukimaliza bado kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndio upate leseni, tenga na hiyo.

Walimu wengine utawazaa, wakikusahihisha mbele ya wagonjwa pokea, uliza ulipokosea, rudia. Vyeti halisi usimwachie mtu, peleka kopi. Risiti zote weka kwenye nailoni, mvua za huku unazijua. Presha yako pima. Na macho, kama siku hizi unasogeza simu mbali ndio usome meseji, nenda kapime kabla hujapewa sirinji uvute dawa saa nane usiku.