Kabla Hujatoa Damu Kupima Virusi: Mambo ya Kuweka Sawa

Kipimo cha virusi kinaweza kuharibika kabla mgonjwa hajafika dirishani pa maabara. Mashine ikawa nzima, mpimaji akawa hodari, na bado majibu yakapotosha kwa sababu tu sampuli ilitolewa siku isiyofaa. Kwa hiyo ukielekea hospitali ya Jaramogi, ambayo wengi hapa Kisumu bado tunaiita Russia, au hospitali kuu ya Nakuru, au hata zahanati ya kijijini kwenu Siaya, cha kwanza kuandaa ni tarehe. Homa ilianza lini? Upele ulitokea siku gani? Chanjo ya mwisho ilikuwa lini? Ziandike kwenye simu au nyuma ya kadi ya kliniki ukiwa bado nyumbani. Ukishakaa kwenye foleni na mwili unauma, kichwa hakikumbuki.

Surua ndiyo inayoonyesha vizuri uzito wa tarehe. Damu inayochukuliwa katika siku tatu za kwanza za upele inaweza kusema hakuna surua ilhali ipo, kwa kuwa kingamwili zinazotafutwa, yaani askari ambao mwili hutengeneza kupambana na virusi, hazijawa nyingi za kutosha. Kutoka hapo zinaonekana, kwa kawaida hadi siku ya ishirini na nane hivi. Tena mtoto aliyechanjwa surua majuzi anaweza kuwa na kingamwili zilezile kwa ajili ya chanjo, wala si ugonjwa. Maabara haina njia ya kulijua hilo kwa kutazama chupa ya damu. Mzazi ndiye anayelijua, na liko kwenye kile kijitabu cha mama na mtoto. Usikiache nyumbani.

Hesabu za VVU ni nyingine. Vipimo vya haraka vya kuchoma kidole hutafuta kingamwili, na hizo huchukua kati ya wiki tatu na miezi mitatu kuonekana baada ya mtu kuambukizwa. Aliyekutana na hatari Jumamosi akapima Jumatatu hajajua lolote kuhusu Jumamosi. Alichojua ni hali yake ya wiki nyingi zilizopita. Huyo asingoje kipimo: aende siku hiyohiyo akaulize dawa za kuzuia maambukizi, ambazo sharti zianzwe ndani ya saa 72, kisha apangiwe siku ya kurudi kupima. Na ukiwa unameza PrEP, dawa za kujikinga na VVU, au ARV, dawa za anayeishi na VVU, sema. Wapo wanaoacha kusema ili waone kama kipimo kitawakuta, hasa baada ya kuombewa. Nawaelewa, tumaini si dhambi. Lakini dawa zinaweza kuzifanya kingamwili ziwe hafifu hata kipimo kisizione, na mtu akaacha dawa akidhani amepona, huku virusi vimo. Kwa anayepima mwenyewe kwa kupangusa ufizi, asile wala kunywa kitu kwa angalau dakika kumi na tano kabla, na asome majibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Mstari unaojitokeza baada ya muda huo hauaminiki.

Mtoto wa mama anayeishi na VVU hapimwi hivyo. Kingamwili za mama hubaki katika damu ya mtoto, wakati mwingine hadi miezi 18, kwa hiyo kipimo cha haraka kinaweza kutoa majibu ya mama ndani ya mwili wa mtoto. Hutumika PCR, inayotafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe, na wiki ya sita ndiyo muhimu, siku ileile anayokwenda kuchanjwa. Mama, siku hiyo mvalishe mtoto soksi. Mguu wenye joto hutoa damu kwa urahisi, na mtoto hachomwi mara ya pili. Nesi atafuta kisigino kwa spiriti, atachoma, atafuta tone la kwanza kwa pamba, kisha ataacha tone kubwa liguse duara kwenye kadi ya karatasi nene. Tone moja lijaze duara moja, bila kuongezwa juu yake na bila kidole kugusa. Kadi hulazwa mahali pasipo na jua wala vumbi ikakauka kwa saa kadhaa kabla ya kufungwa pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Ikifungwa ikiwa mbichi, katika joto letu hili la kando ya ziwa, huota ukungu na maabara huikataa. Mwulize nesi kadi itasafiri lini, iwe kwenye maabara za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, za Kisian, Alupe kule Busia au kwingineko, na umwachie namba ya simu inayopatikana. Ni haki yako kuuliza, na asiyeuliza mara nyingi husahaulika.

Wengi hufika bila kunywa hata chai. Vipimo vya virusi havihitaji kufunga. Kunywa maji ya kutosha, mshipa utapatikana upesi, na anayeishi na VVU anayekwenda kupimwa wingi wa virusi ameze dawa zake kama kawaida.

Kwa mafua makali au korona, nenda siku za mwanzo, virusi vikiwa bado vingi puani. Kijiti huelekezwa nyuma kama kwenda sikioni, hakipandishwi juu, na machozi yatakutoka kidogo. Vumilia; kilichopanguswa mlangoni mwa pua pekee hakitoshi. Huku magharibi, lakini, homa yoyote ipimwe malaria kwanza. Na ikionekana si malaria, usikimbilie kununua antibayotiki dukani, haziui virusi.

Majibu ya homa ya ini aina ya B yanahitaji karatasi za zamani. Virusi kuonekana mara moja hakutoshi kusema ugonjwa umekuwa sugu; sugu ni vikiendelea kuonekana kwa zaidi ya miezi sita. Aliyechanjwa siku chache zilizopita naye aseme, maana chanjo yenyewe inaweza kujitokeza kwenye kipimo.

Ukiumwa na mbwa, hapo hakuna cha kupima. Hakuna kipimo cha damu cha kukuambia mapema kama una kichaa cha mbwa, na dalili zikianza karibu kila mgonjwa hufa. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha panda boda boda uende ukaanzishiwe chanjo leo.

Kabla hujaondoka maabara, soma jina na umri wako kwenye chupa. Majibu yakitoka, uliza wametafuta nini hasa, virusi au kingamwili, na kama unatakiwa kurudia, waandike siku kwenye kadi mbele yako.