Jinsi ya kuomba kibali cha kupeleka sampuli za vimelea kwenye maabara ya nchi nyingine

Usianze na fomu. Kwanza ijue sampuli yako iko kundi gani, maana kila karatasi itakayofuata, kuanzia mkataba hadi lebo ya sanduku, inategemea hilo.

Kanuni za kimataifa za usafirishaji zina makundi mawili. Kundi A ni vimelea vinavyoweza kumuua au kumpa ulemavu wa kudumu mtu au mnyama aliyekuwa mzima. Vinavyomdhuru binadamu hubeba namba UN 2814 (UN ni namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha mizigo hatari), vinavyodhuru wanyama peke yao UN 2900. Kundi B, UN 3373, ni sampuli nyingine zenye vimelea ambazo hazifikii kiwango hicho. Watafiti wengi hujikwaa hapa kwa kutazama jina la kimelea na kusahau hali yake. Damu ya mtu mwenye VVU husafiri kama kundi B, lakini virusi haohao wakishaoteshwa maabara, yaani kukuzwa waongezeke, wanahamia A. Makohozi yenye kifua kikuu ni B. Bakteria wake waliooteshwa, wakisafiri kwa ndege, ni A. Ebola ni A hata ikiwa ni tone la damu. Kwa hiyo ukiandika "sampuli za kifua kikuu" hujasema kitu. Andika: "makohozi, hayajaoteshwa, mirija 40, mililita 2 kila mmoja." Kama vimelea vimekwisha kuuawa, ambatisha maelezo ya njia iliyotumika na ushahidi kwamba ilifanya kazi.

Sasa karatasi, kwa mpangilio huu. Ikiwa sampuli zimetoka kwa binadamu, anzia kamati ya maadili. Itasoma fomu ya ridhaa waliyotia saini washiriki, na ikiwa fomu hiyo haikutaja kwamba sampuli zitatoka nje ya nchi, ombi litasimama hapo. Kuwarudia washiriki mia mbili vijijini si kazi ya wiki moja, basi taja kwenye fomu ya ridhaa, tangu mwanzo wa utafiti, kwamba sampuli zitatoka nje. Kisha nenda kamati ya usalama wa kibiolojia ya chuo.

Unaofuata ni mkataba wa kuhamisha sampuli. Uonyeshe ni nani mwenye sampuli, zitafanyiwa vipimo gani, mabaki yatateketezwa au kurudishwa, na matokeo yatachapishwa kwa majina ya nani. Asaini mwenye mamlaka ya kuingia mkataba kwa niaba ya chuo. Saini ya mtafiti peke yake haitoshi. Kama nchi yako imeridhia Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu kutumia rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake, yaliyoanza kutumika 2014, uliza mapema kama vimelea vyako vinahitaji pia kibali cha rasilimali za kijenetiki.

Mwambie anayepokea aombe kibali cha kuingiza sampuli nchini kwao, kisha nakala yake iambatane na ombi lako la kibali cha kuzitoa nchini. Idadi ilingane kila mahali. Mkataba ukisema mirija 40 na sanduku likawa na 42, mzigo unaweza kuzuiwa forodhani huku barafu ikiisha.

Ufungaji wa kundi B una tabaka tatu: chombo cha kwanza kisichovuja, kisichozidi lita 1 kama ni kimiminika, cha pili kisichovuja pia, chenye pamba au karatasi za kunyonya kimiminika chote kikimwagika, na sanduku gumu la nje. Kwa ndege, sanduku moja lisizidi lita 4 za kimiminika. Mirija iliyo pamoja itenganishwe isigongane, na orodha ya vilivyomo ikae kati ya chombo cha pili na sanduku. Nje weka alama ya mraba uliosimama kwa kona, kila upande angalau milimita 50, pamoja na jina na simu ya mhusika. Barafu kavu (gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa), UN 1845, ikae nje ya chombo cha pili, uzito wake uandikwe kwa kilo, na sanduku lisizibwe kabisa: gesi ikikosa pa kutokea, litapasuka.

Kundi A lina ufungaji mkali zaidi, tamko la msafirishaji (hati anayosaini anayetuma kuthibitisha kwamba mzigo hatari umefungwa kwa kanuni), na kikomo cha mililita 50 kwa kifurushi kwenye ndege ya abiria. Aliyesaini tamko awe amepata mafunzo, nayo kwa usafiri wa anga hurudiwa kila miezi 24.

Tuma Jumatatu au Jumanne. Mzigo wa Alhamisi hufika wikendi, ofisi zimefungwa.