Jinsi ya kusaka santuri za roki ya gereji na pop ya chumbani ukiwa Dar

Siku ya kwanza kuweka albamu ya Bee Thousand kwenye mashine ya santuri, gitaa lilikatika. Wimbo wa kwanza kabisa, jamaa anaimba vizuri, mara gitaa likatoweka kama mtu kang'oa waya, kisha likarudi. Nikasema hapa ni waya tu. Nikazima amplifaya, nikachomoa zile nyaya nne nyembamba nyuma ya kichwa cha sindano, nikazipangusa, nikazirudisha. Likakatika palepale. Nikamwita fundi wangu wa redio kutoka Kariakoo. Akasikiliza mara tatu, kichwa kaegemeza kwenye spika, halafu akaanza kufunga begi lake.

"Kaka, mashine yako nzima. Hawa ndio walirekodi hivi."

Alikuwa sahihi. Guided by Voices ni bendi ya Dayton, Ohio. Kiongozi wao, Robert Pollard, alikuwa mwalimu wa shule, na albamu hiyo ya 1994 waliirekodi nyumbani, kwenye vyumba vya chini na magereji, kwa mashine ya kanda yenye njia nne tu, yaani inayopokea sauti nne tofauti, basi. Gitaa lilipopotea hawakurudia, waliliacha hivyohivyo. Mimi nikalipa nauli ya fundi.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jua kwamba kwenye muziki huu kazi ngumu ni kutofautisha kelele ya wasanii na kelele ya mashine yako. Kuipata santuri kuna njia zake, nitakuonyesha. Na gereji inayotajwa hapa usiifikirie ile ya fundi magari pale Ilala. Ni kile chumba cha kuegeshea gari nyumbani Marekani, ambako vijana wa miaka ya 60 walijifungia na magitaa mpaka majirani wakachoka. Pop ya chumbani nayo ni ile ambayo msanii hujirekodi mwenyewe chumbani kwake.

Hatua ya 1: Zoeza sikio kwa jirani

Usianzie Marekani, anzia Zambia. Dar na Kapiri Mposhi zimeunganishwa na reli ya TAZARA tangu miaka ya 70, na miaka hiyohiyo vijana wa kule walikuwa wakipiga roki yenye magitaa ya kukwaruza, ile inayoitwa Zamrock. Tafuta WITCH, bendi ya Emmanuel Chanda aliyejiita Jagari kwa kumhusudu Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Kisha tafuta Africa, albamu ya bendi ya Amanaz, ya 1975.

Hiyo ya Amanaz ndiyo darasa lenyewe, kwa sababu ipo katika michanganyo miwili. Mmoja ni mkavu, kama bendi imekaa sebuleni kwako. Mwingine umejazwa mwangwi, sauti inakuja kama kutoka ndani ya tangi la maji. Lebo (yaani kampuni ya kutoa muziki) ya Now-Again ya Los Angeles imeitoa upya yote miwili. Sikiliza wimbo mmoja kwa mchanganyo huu, halafu kwa ule, ukitumia hedifoni za waya, si spika ya simu. Fanya hivyo jioni mbili au tatu. Utaanza kusikia chumba, si ngoma na gitaa peke yake, na sikio hilo utalihitaji mbele.

Ukishamaliza, rudi nyuma kwa bendi ya The Sonics wa Tacoma, jimbo la Washington. Albamu yao ya 1965 ilirekodiwa kwa mashine ya njia mbili, na ngoma zote ziliwekewa maikrofoni moja. Ukimchezea mzee aliyekuwa akienda bugi za Jumapili mchana hapa mjini enzi hizo, hatashangaa. Mimi nilimchezea mjomba wangu wa Magomeni, akauliza tu, "Hawa wa wapi? Mbona wanapiga kama wana hasira?"

Hatua ya 2: Fuata lebo, usifuate nyota

Hapa wengi wanapotea. Wanasikia bendi moja, wanaitafuta hiyohiyo miezi sita, wanakuta santuri yake imeadimika na bei imepaa, wanakata tamaa. Muziki huu haujengwi na nyota. Unajengwa na lebo ndogo, mara nyingi mtu mmoja na marafiki zake, na ukimpenda msanii mmoja wa lebo, kuna uwezekano mkubwa utawapenda wengine watano wa hapohapo.

Shika hizi tatu kwanza. Flying Nun ilianzishwa Christchurch, New Zealand, mwaka 1981 na Roger Shepherd, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la santuri. Bendi zake nyingi za mwanzo, The Clean wakiwemo, zilirekodiwa na Chris Knox kwa mashine yake ya TEAC ya njia nne. Kwa pop ya magitaa yenye uzito wa karatasi na melodi usiyoweza kuitoa kichwani, sijaona zaidi yao. K ya Olympia, Washington, ilianzishwa 1982 na Calvin Johnson na ikaanza na kaseti; bendi yake mwenyewe, Beat Happening, inasikika kama watoto wanaojifunza vyombo, na watu hugombana kama huo ni muziki au utani. Mimi nasema ni muziki. Ya tatu ni Goner ya Memphis, iliyoanza kwa kuwatoa Guitar Wolf, bendi ya makelele ya Japani. Hao usiwasikilize usiku kama una wapangaji.

Sasa ingia Bandcamp, tovuti ambako wasanii na lebo huuza muziki wao. Tafuta albamu moja unayoipenda, shuka chini mpaka kwenye picha ndogondogo za watu walioinunua. Bonyeza picha moja. Inafunguka kabati lote la huyo mtu, kila alichonunua. Ukikuta ana albamu tatu unazozipenda na ishirini usizozijua, umepata mwalimu wa bure. Mimi nina wanne wa namna hiyo, sijawahi kuwasiliana nao hata mara moja, ila ladha zao nazijua kuliko za binamu zangu.

Sikiliza nyimbo nzima kabla ya kununua. Nina sheria yangu: albamu isiponirudia kichwani nikiwa kwenye daladala siku ya tatu, siinunui kwenye santuri.

Hatua ya 3: Mashine, na hesabu ya mizunguko 100

Mashine nyingi za santuri zinazofika Dar ni mtumba, na nyingine zimetoka Marekani. Umeme wa kwao ni volti 120, wetu ni 230. Ya kwanza niliyonunua, muuzaji aliniambia "mzima kabisa, bosi," nikaichomeka nyumbani, ikatoa moshi kabla sindano haijagusa kitu. Sh 80,000 zikaondoka na harufu. Siku hizi naigeuza mashine kwanza, nasoma kile kibati cha nyuma, ndipo naongea bei.

Ya pili nilikuwa mjanja, nikanunua na transfoma ya kushusha umeme. Haikuungua. Lakini kila kijana aliyeimba alisikika kama mzee aliyeamshwa usingizini. Sababu ni kwamba transfoma hushusha volti, haigusi masafa, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni Hz 60, wetu Hz 50, na mota za zamani nyingi hufuata masafa hayo moja kwa moja. Mashine inazunguka kwa kasi ya tano kati ya sita.

Kuipima huhitaji kifaa. Bandika kipande kidogo cha karatasi pembeni ya santuri, washa saa ya simu, hesabu mizunguko. Santuri ya kasi ya 33⅓, yaani mizunguko 33⅓ kwa dakika, huzunguka mara 100 kamili kwa dakika tatu. Ukipata 100, au 99, tulia. Ukipata 83, hiyo mashine ni ya Hz 60, na mpira mpya wa kuzungushia hautakusaidia. Fanya hesabu hii dukani, mbele ya muuzaji. Atakuona huna akili timamu, mwache.

Kuna mashine ambazo hazina tatizo hilo: zinazotumia mota ya umeme wa DC, na zile ambazo mota imeshikana na sahani yenyewe na kasi yake inadhibitiwa kwa fuwele ya kwatsi. Hizo volti tu ndizo za kuangalia.

Kitu kingine ni nguvu ya sauti. Kichwa cha sindano cha kawaida hutoa milivolti chache mno, ukikichomeka kwenye tundu la kawaida la amplifaya utasikia mbu anaimba ndani ya chupa. Unahitaji tundu lililoandikwa PHONO, au kiboksi cha kati cha kukuza sauti, au mashine yenye kiboksi hicho ndani. Ule waya mwembamba wa ziada wenye kijino cha uma usiukate kwa kudhani hauna kazi. Ufunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND, vinginevyo utasikia mvumo wa friji kwenye kila wimbo.

Uzito wa sindano upime kwa mizani ndogo ya sonara, Kariakoo zipo. Fuata namba ya kichwa chako. Vingi ni kati ya gramu 1.5 na 3.5. Ukiweka nyepesi mno kwa kuionea santuri huruma, sindano itarukaruka na kuharibu zaidi.

Hatua ya 4: Kununua

Peke yako utafilisika na nauli. Kutuma santuri moja na kutuma tatu kwenye boksi moja hakupishani sana, kwa hiyo sisi tuko wanne, tunachanga kama mchezo wa akina mama: kila baada ya miezi miwili mmoja anaagiza kwa niaba ya wote, kutoka lebo moja au muuzaji mmoja. Tunalipa kwa kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu. Hela ya kodi ya forodha tunaiweka pembeni mapema, ili siku mzigo ukiingia tusianze kukimbizana.

Kwa santuri zilizotumika, Discogs ndiyo soko kubwa la mtandaoni. Soma daraja la hali ya santuri kwa makini. VG (Very Good) kwa maneno ni "nzuri sana", kwa sikio ni mtu anakaanga vitumbua nyuma ya mwimbaji. Kwa roki ya makelele unaweza kuvumilia. Kwa pop ya chumbani, ambayo nusu yake ni ukimya, usishuke chini ya VG+, daraja lililo juu ya VG.

Mwandikie muuzaji ombi moja: aitoe santuri kwenye jalada na kuiweka nyuma yake, ndani ya karatasi yake. Safarini boksi likitupwa, santuri iliyo ndani ya jalada huchana kingo zake kama kisu.

Hapa mjini usitegemee kukuta The Clean sokoni. Utakachokipata kwa wazee, kwa adabu na subira, ni dansi, taarabu, na mara chache singo (santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande) za magitaa za miaka ya 60. Kwa bibi mmoja wa Ilala nilikaa saa nzima nikinywa chai kabla ya kuuliza. "Shikamoo bibi, hizi santuri bado mnazipiga?" Akacheka, "Mashine yenyewe ilikufa kabla hujazaliwa." Niliondoka na singo sita. Ukikuta santuri nzito, ngumu, inayovunjika kama sahani, hiyo ni ya kasi ya 78. Inataka sindano yake, na usiioshe kwa spiriti, maana itayeyuka. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 kwenye santuri za aina hiyo, usije ukaosha historia ikaondoka na kitambaa.

Singo nyingi za Marekani zina tundu kubwa katikati, milimita 38. Kipete cha kuziba nilikereziwa na fundi mbao kwa bei ya soda.

Hatua ya 5: Sikiliza kama fundi

Santuri imefika. Iache kwanza ipoe ndani ya nyumba, hasa kama boksi limeshinda kwenye jua. Ioshe kwa maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri, ila soma chupa, maana asidi ya betri nayo huuzwa rafu hiyohiyo.

Sasa sindano ishuke. Mlio wa *shhh* laini, usiobadilika, unaoanza pamoja na wimbo na kufa wimbo ukiisha, ni kanda ya wasanii. Uache, ndio hewa ya chumba chao. Mlio unaoendelea hata katikati ya nyimbo mbili, wenye *tak, tak* zisizo na mpangilio, ni vumbi. *Tak* moja inayorudi kila mzunguko, karibu kila sekunde mbili, ni mkwaruzo. Sauti za "s" zikitema mate nyimbo za mwisho wa upande tu, kagua sindano. Mvumo usiokoma hata ukiinua mkono wa sindano ni ule waya wa GND.

Ukibaki na shaka, linganisha na faili la dijitali. Lebo nyingi za Bandcamp hukupa ukinunua santuri. Kosa likiwa sehemu zote mbili, ni la kwao na umelilipia. Ningefanya hivyo kwanza, nisingemtoa fundi Kariakoo.

Hatua ya 6: Zisimame

Zipange wima, mbali na dirisha linalopigwa na jua la saa tisa. Joto la Dar huzipinda, na unyevu wa masika huotesha ukungu kwenye karatasi za ndani. Hizo badilisha kila unapoona madoa. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, inua mkono wa sindano mara moja na uchomoe plagi, usisubiri urudi. Juzi ulirudi kwa kishindo wakati nimesahau, sindano ikachora mstari kwenye upande wa pili. Sasa wimbo wa tatu una *tak* kila baada ya sekunde mbili, na hiyo ni yangu mwenyewe, si ya bendi.