SOMO: Pasua jicho la ng'ombe uone kwa nini hung'aa usiku

Swali ni lile lile kila wiki: kwa nini ukimmulika mbuzi tochi usiku macho yake yanawaka, na ya mtu hayawaki? Nimelijibu darasani, barazani, hata ndani ya kivuko cha Msangamkuu, na kesho yake linarudi. Naandika njia nzima hapa mara moja. Ukishalifungua jicho kwa mkono wako, hutaniuliza tena.

Hatua ya 1. Zungumza na wachinjaji mapema, uchukue jicho asubuhi ile ile. Likilala, kioo cha mbele (konea) kinaingia ukungu.

Hatua ya 2. Andaa beseni, glavu, wembe mpya, mkasi wenye ncha na gazeti. Mtoto asishike wembe.

Hatua ya 3. Punguza mafuta na misuli, lakini uache kile kikamba cheupe cha nyuma. Hicho ni neva inayopeleka habari ubongoni. Kisha tazama mboni: imelala kama yai lililowekwa ubavu, wakati yako ni duara. Mbuzi ndiyo zaidi. Mboni iliyolala humpa mnyama wa malishoni upeo mpana wa kulia na kushoto, na mbuzi anapoinama kula, jicho lake huzunguka ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Mchunguze mbuzi wako leo jioni utaona.

Hatua ya 4. Kukata. Hapa soma mara mbili. Mara yangu ya kwanza nilianzia mbele, kwenye konea, nikakandamiza kwa nguvu kwa sababu wembe ulikuwa mbutu. Maji yalinirukia usoni, wembe ukateleza ukanichana kidole. Nilipolibinya jicho ili nimalizie, lenzi na ute vilitoka kwa pamoja vikiivuta retina (utando wa nyuma unaopokea mwanga) nyuma yao. Wanafunzi thelathini walibaki wanatazama kibonge kama kamasi, nami sikuwa na cha kuwaonyesha.

Usianzie mbele. Shika jicho likiwa limelala ubavu ndani ya beseni, tafuta katikati kati ya konea na neva, utoboe tundu dogo kwenye ule ukuta mweupe kwa ncha ya wembe. Ukuta huo ni mgumu kuliko unavyodhani, kwa hiyo toboa taratibu, uso ukiwa mbali. Tundu likipatikana weka wembe pembeni, ingiza mkasi, zungusha jicho lenyewe huku ukikata mpaka lipatikane bakuli mbili. USILIBINYE. Bakuli la nyuma liinue likiwa na ute wake, kisha umwage ute polepole kwa kuinamisha.

Hatua ya 5. Toa lenzi kwenye bakuli la mbele, isuuze, iweke juu ya gazeti: herufi zinakua. Inyanyue kuelekea dirishani: mnazi wa nje umesimama kichwa chini. Picha ndani ya jicho lako nayo iko hivyo hivyo, ubongo ndio unaosoma mambo yakiwa wima. Kepler, mtaalamu wa nyota Mjerumani, alilieleza hilo mwaka 1604, na Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, mwaka 1637 akaeleza jinsi ya kuchukua jicho la ng'ombe, kulipunguza ukuta wa nyuma na kuitazama picha ikitokea pale.

Hatua ya 6. Ndani ya bakuli la nyuma kuna utando mwembamba uliofifia. Hiyo ni retina, inayopokea mwanga. Isukume kando kwa kidole. Chini yake utakuta rangi ya bluu na kijani inayometameta kama ndani ya kombe. Hilo ndilo jibu la swali lenu. Wataalamu wanaiita tapetamu. Mwanga unapita kwenye retina, usiponaswa unagonga kioo hicho na kurudi kupita retina mara ya pili. Mnyama anapata nafasi mbili za kuona kwa mwanga ule ule mdogo, na kinachobaki kinatoka nje hadi kwenye jicho lako wewe mwenye tochi. Gharama yake ni picha isiyo kali sana. Sisi nyuma ya retina tuna rangi nyeusi inayomeza mwanga. Tunaona vizuri mchana, gizani tunajikwaa.

Hatua ya 7. Retina imeshikilia sehemu moja tu, pale neva inapotokea. Hapo hapaoni kitu. Nawe unalo doa hilo: chora msalaba, na sentimita 8 kulia kwake weka nukta. Fumba jicho la kushoto, tazama msalaba kwa la kulia, sogeza karatasi hadi kama sentimita 30. Nukta itapotea.

Hatua ya 8. Fukia mabaki, nawa kwa sabuni.

MASWALI YA WADAU

— Mwalimu maelezo marefu, sina muda. Kinachong'aa ni nini?
Hatua ya 6.

— Nimepasua jicho la kuku, hakuna cha kung'aa. Somo lako si kweli.
Nimeandika ng'ombe kuanzia kichwa cha habari. Kuku hana tapetamu, na giza likiingia unamwokota kama embe.

— Samahani mwalimu kwa hilo. Basi kuku anatuzidi chochote?
Hapo umeuliza vizuri. Anatuzidi rangi. Sisi tuna aina tatu za seli za kutofautisha rangi, ng'ombe na mbuzi wana mbili, kuku ana nne.

— Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzamiaji wa pweza hapa Mikindani. Kwa nini bila miwani naona ukungu chini ya maji, na samaki haoni ukungu?
Marahaba mwanangu. Konea yako hupinda mwanga unapotoka hewani kuingia jichoni, na ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Ndani ya maji inakosa nguvu hiyo, kwa sababu maji na konea hupinda mwanga karibu sawa. Miwani inakurudishia hewa mbele ya jicho. Samaki anategemea lenzi yake, nayo ni ya mviringo kama gololi. Mpasue samaki changu uone. Lenzi yako hubadilika unene, ya samaki husogezwa mbele na nyuma. Na pweza wako hana doa pofu: nyuzi zake za neva zinatokea nyuma ya retina, hazipiti mbele kama zetu.

— Wadau, tukiwa kwenye macho: huku Tandahimba msimu wa kupuliza salfa (dawa ya unga) kwenye mikorosho macho yanatuwaka vibaya. Tufanyeje?
Osha kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 bila kuharakisha, usisugue. Ukiendelea kuumwa au kuona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Miwani iliyofunika pembeni ni lazima kwa anayebeba mashine.

— Naongezea: sisi tunapuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia, na tunatembea upepo ukiwa mgongoni.
Asante sana, ndugu. Fanyeni hivyo wote.

— Mwalimu, komba kwenye mikorosho macho yanawaka kama makaa. Lakini si jamaa ya nyani?
Ni jamaa, na yetu pia. Ila komba anatembea usiku na tapetamu anayo, wakati nyani na sisi hatuna. Ukimwona tena, mmulike kwa muda mfupi tu, mwanga unamsumbua. Macho yale makubwa hayazunguki sana, kwa hiyo angalia anavyogeuza kichwa kizima akufuate.